Samaki wa mapambo: Mbona hufa kabla ya mwezi kwisha, na namna ya kuwafuga wakadumu

Ni tukio linalojirudia katika nyumba nyingi za mijini. Mzazi anarejea Jumamosi jioni akiwa na bakuli la kioo, pakiti ndogo ya chakula, na samaki wawili wa rangi ya dhahabu waliobebwa kwenye mkebe. Watoto wanashangilia, majina yanatolewa, na bakuli linawekwa juu ya meza karibu na televisheni.

Siku ya tatu maji yanaanza kuwa na utusitusi. Siku ya tano samaki wanapanda juu na kufunua vinywa kana kwamba wanaomba kitu. Kabla ya wiki mbili kwisha, mmoja anaelea kwa ubavu, na haupiti muda mrefu kabla ya mwenzake kumfuata. Mzazi anamlaumu muuzaji, muuzaji anayalaumu maji ya mfereji, nao watoto wanajifunza somo la kifo mapema kuliko ilivyokusudiwa.

Ukweli ni kwamba samaki wengi wanaokufa kwa namna hii hawauawi na maradhi wala njaa. Wanauawa na taka zao wenyewe, katika maji ambayo kwa macho ya binadamu yanaonekana safi. Anayetaka kufuga samaki wa mapambo hana budi kuelewa jambo hili moja kabla ya kutoa hata shilingi mfukoni: kinachofugwa kwanza ni maji. Samaki huja baadaye.

Uraibu wenye historia ndefu

Kufuga samaki kwa ajili ya kuwatazama si jambo la jana. Wachina walianza kuwachagua na kuwazalisha samaki wa dhahabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakiwaweka katika vidimbwi vya bustani na baadaye katika vyombo vya kauri.

Tangi la vioo kama linavyojulikana leo lilitokana na kazi ya wanasayansi wa Ulaya katika karne ya 19. Mwaka wa 1832, mwanasayansi wa Kifaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi kisiwani Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili kuchunguza viumbe wa baharini wakiwa hai. Mnamo 1850, mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi mimea na samaki wanavyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja, mimea ikitoa hewa ambayo samaki huihitaji. Miaka mitatu baadaye, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na watu wakafurika kuitazama.

Tangu hapo uraibu huu umeenea kote duniani, na Afrika ya Mashariki imechangia pakubwa. Samaki wenye rangi za kuvutia kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi hufugwa katika nyumba za watu huko Ulaya, Marekani na Japan, mbali mno na maji yaliyowazaa.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa taka ya aina ya amonia, hasa kupitia mashavu yake anapopumua. Chakula kilichobaki na kinyesi kinachooza navyo huongeza amonia hiyo. Mtoni au ziwani haileti madhara kwa kuwa maji ni mengi. Katika bakuli la lita kumi, hali ni kama ya mtu aliyefungiwa katika chumba kidogo kisicho na dirisha huku jiko la makaa likiwaka.

Amonia huunguza mashavu ya samaki hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo maana samaki hupanda juu na kuhema. Mwenye kumfuga hudhani ana njaa, humwongeza chakula, na chakula hicho huzidisha sumu ileile inayomuua.

Kwa bahati nzuri, maumbile yana dawa yake. Wapo bakteria ambao huigeuza amonia kuwa kemikali nyingine iitwayo nitriti. Hiyo nayo ni sumu, kwani huingia katika damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, hadi damu ikageuka rangi na kuwa ya kahawia. Kisha kundi la pili la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ni kiasi kidogo. Nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na mimea huitumia kama mbolea.

Kwa miaka mingi, vitabu vilieleza kwamba kazi hiyo ya pili hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrobacter. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba, katika matangi ya maji baridi, watendakazi halisi ni wa jamii ya Nitrospira. Kwa mfugaji wa kawaida, jina si hoja. Hoja ni kwamba bakteria hawa hawaji na tangi kutoka dukani. Huota polepole juu ya changarawe, mawe na hasa ndani ya kichujio, na huchukua kati ya wiki nne na sita kufikia idadi inayotosha. Maji yakiwa baridi, muda huo hurefuka zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Anayenunua tangi na samaki siku moja huwatia viumbe hao katika nyumba ambayo haina choo.

Njia iliyo salama ni kuliandaa tangi, kulijaza maji, kuwasha kichujio, kisha kutia chembe chache za chakula cha samaki kila siku bila samaki yeyote ndani. Chakula hicho huoza na kutoa amonia, nayo amonia huwalisha bakteria. Vifaa vya kupimia maji huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kipimo kikionyesha kwamba amonia na nitriti zimeshuka hadi sufuri, ilhali nitrati imeanza kupanda, tangi liko tayari.

Muda huo unaweza kufupishwa kwa kupata kipande cha sponji kutoka katika kichujio cha rafiki ambaye tangi lake limekomaa na samaki wake ni wazima. Sponji hiyo ichafu ina thamani kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa chupa.

Maji ya Nairobi si ya Mombasa

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua viini vinavyoweza kuwadhuru watu. Klorini hiyohiyo huunguza mashavu ya samaki na kuwaua bakteria wanaohitajika. Maji yakiachwa wazi kwenye ndoo kwa muda wa saa 24, hasa yakitiwa hewa kwa pampu, klorini hutoka. Hata hivyo, ikiwa maji yametiwa kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi. Dawa ya matone ya kuondoa klorini, ambayo huuzwa madukani, ndiyo tegemeo la uhakika.

Jambo la pili ni madini yaliyomo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika mito ya milima ya Aberdare na kuhifadhiwa katika mabwawa kama vile Ndakaini na Sasumua. Maji hayo ni laini, yaani yana madini machache, na sabuni hutoa povu ndani yake upesi. Samaki ambao asili yao ni mito ya msitu wa Amazon, kwa mfano neon tetra, huyapenda maji ya namna hiyo.

Mombasa, kwa upande mwingine, hupata baadhi ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, ambazo hupita chini ya miamba ya volkano ya milima ya Chyulu na kubeba madini njiani. Gapi, moli na samaki wa Ziwa Malawi na Tanganyika hustawi katika maji yenye madini. Anayetumia maji ya kisima cha kuchimbwa, iwe Nairobi au kwingineko, anafaa kuyapima kwanza, kwa sababu visima hutofautiana sana hata katika mtaa mmoja.

Aidha, wapo wanaopamba matangi yao kwa makombe na mawe ya matumbawe waliyoyaokota ufuoni. Vitu hivyo vina chokaa, na chokaa huyeyuka kidogo kidogo na kuyabadilisha maji. Kwa samaki wa Ziwa Malawi ni neema, lakini kwa neon tetra ni balaa. Jiwe lolote linaweza kujaribiwa kwa kulidondoshea siki: likitoa povu, lina chokaa.

Hewa pia ni suala. Maji ya uvuguvugu hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na maji ya nyanda za juu hushika kidogo kuliko yale ya pwani kwa sababu kani ya hewa ni ndogo. Jiji la Nairobi, lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya oksijeni ambayo maji yenye joto lilo hilo yangeishika Mombasa. Kwa hiyo mfugaji wa Nairobi asidhani kwamba baridi ya jiji inamwondolea haja ya pampu ya hewa, naye wa Mombasa asijitape kwamba yuko chini: joto la pwani linamwondolea faida hiyo.

Tangi kubwa ni rahisi kuliko dogo

Wanaoanza hudhani kwamba chombo kidogo kina kazi ndogo. Mambo ni kinyume. Katika maji machache, kosa dogo huwa kubwa: chakula kikizidi kidogo, au jua likipiga kwa saa mbili, hali hubadilika ghafla. Maji mengi hubadilika polepole na kumpa mfugaji nafasi ya kurekebisha.

Ukubwa wa tangi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54. Ukiondoa nafasi ya changarawe na ile inayoachwa juu, maji halisi ni kama lita 45. Huo ni mwanzo wa wastani. Anayemudu tangi la lita 100 au zaidi atapata raha kubwa.

Asisahau uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi hilo la lita 54, pamoja na kioo na changarawe, hukaribia kilo 70, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya meza usiku na mchana. Meza ya mbao nyepesi hupinda, na kioo kisichokaa sawa hupasuka. Tangi liwekwe mahali tambarare, mbali na dirisha lenye jua, kwani jua huleta mwani wa kijani na kupandisha joto.

Vifaa vya lazima si vingi: kichujio, pampu ya hewa, taa, kipimajoto na kifuniko. Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa ni cha bei nafuu na kinatosha kwa tangi dogo. Taa iwake kwa muda wa saa nane hivi kwa siku. Ikizidi, mwani hutawala.

Hita hutegemea mahali na aina ya samaki. Samaki wa kitropiki wanahitaji nyuzijoto kati ya 24 na 26. Nairobi, Nakuru au Eldoret, usiku wa mwezi Julai huweza kuyashusha maji chini mno ya hapo, hivyo hita ni lazima. Kipimo cha kawaida ni wati moja kwa kila lita. Mombasa, Malindi au Lamu, mara nyingi haihitajiki. Samaki wa dhahabu, ambao ni wa maji ya baridi, huishi vizuri katika hali ya Nairobi bila hita yoyote.

Kwa kuwa maji na stima havipatani, kila waya unaotoka tangini uachwe uning'inie chini kidogo ya swichi ya ukutani kabla ya kupanda tena, ili tone lolote la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye swichi. Vifaa vyote vizimwe kabla ya mkono kuingizwa majini.

Nani awekwe na nani

Kuna kanuni ya wafugaji inayosema kwamba kila sentimita moja ya urefu wa samaki ihesabiwe lita mbili za maji. Kwa tangi lenye lita 45 za maji, hiyo ni sentimita 22 hivi, yaani samaki wadogo watano au sita. Urefu unaohesabiwa ni ule ambao samaki ataufikia akikomaa, si alio nao dukani.

Hata hivyo, kanuni hiyo hufaa samaki wadogo tu. Samaki wa sentimita 20 hawezi kulinganishwa na watano wa sentimita nne. Urefu wake ni mara tano, lakini mwili umepanuka pia kwa upana na unene, hivyo uzito wake hukaribia mara 125 ya mmoja wao. Taka zake nazo ni nyingi ajabu.

Samaki wa dhahabu ndiye anayedhulumiwa zaidi. Huuzwa akiwa mdogo wa kidole, ilhali akitunzwa hupita sentimita 20 na kuishi miaka kumi au zaidi. Bakuli si makao yake. Oska, samaki mrembo mwenye macho ya udadisi, hufikia sentimita 30 na huwameza wote wanaoingia kinywani mwake. Yule samaki anayenyonya vioo, anayenunuliwa ili “asafishe” tangi, baadhi ya jamii zake hufikia sentimita 40. Wala hakuna samaki asafishaye tangi. Kila mmoja huongeza uchafu wake.

Kwa wanaoanza, gapi ni chaguo jema. Asili yake ni Trinidad na nchi za kaskazini mwa Amerika Kusini. Ni mdogo, mvumilivu na mwenye mkia wa rangi tele. Kasoro yake ni uzazi: jike huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki nne hivi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Jike mmoja aliyenunuliwa peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa bila ya dume kuonekana. Asiyetaka ukoo mzima anunue madume pekee.

Neon tetra huishi kwa makundi, na anayemnunua mmoja au wawili huwatia woga. Wawe sita au zaidi. Beta dume ni mzuri wa mapezi, ila hawezi kuvumilia dume mwenzake. Wakiwekwa pamoja watapigana hadi mmoja aangamie. Kwa kuwa ana kiungo cha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, wauzaji humweka katika glasi ndogo. Kustahimili si sawa na kustawi, na yeye pia anahitaji maji ya uvuguvugu na nafasi ya kuogelea.

Samaki wa Ziwa Malawi wana rangi zinazoshindana na za matumbawe, lakini ni wakali na wenye kupigania makao. Hawa wafugwe peke yao katika tangi kubwa lenye mawe na mapango mengi, na mwenye kuanza awaachie waliobobea.

Siku ya kuwapokea

Dukani, mnunuzi atazame tangi zima, si samaki mmoja tu. Ikiwa kuna maiti ndani, au samaki wenye mapezi yaliyokunjamana, au wenye vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi, aondoke mikono mitupu. Vidoa hivyo ni ugonjwa wa kiini kinachoambukiza tangi zima kwa siku chache.

Akifika nyumbani, chombo alichobebea samaki kiwekwe juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya tangi yatiwe ndani ya chombo kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine. Mwishowe samaki ahamishwe kwa wavu, na maji ya dukani yamwagwe nje. Wasiingizwe wote siku moja. Wawili au watatu waanze, na wengine wafuate baada ya wiki mbili, ili bakteria wapate muda wa kuongezeka. Aliye na tangi la pili, hata dogo, awatenge wageni humo kwa wiki mbili hadi nne.

Kazi ya kila wiki

Chakula kiwe kile ambacho samaki watakimaliza kwa muda wa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Tumbo la samaki mdogo halizidi jicho lake kwa ukubwa. Siku moja ya kufunga kwa wiki haiwadhuru. Familia inayosafiri mashambani kwa siku tatu haina haja ya kumwachia jirani mkebe mzima wa chakula; majirani wengi wameua samaki kwa ukarimu.

Kila wiki, robo ya maji iondolewe kwa mpira unaofyonza uchafu kutoka kwenye changarawe, na maji mapya yasiyo na klorini, yenye joto linalolingana, yatiwe. Kuyamwaga maji yote na kuosha kila kitu kwa sabuni, kama wengi wafanyavyo wakidhani ni usafi, ni kuanza upya kutoka sufuri. Sabuni isikaribie tangi kamwe.

Sponji ya kichujio isioshwe chini ya mfereji. Ikamuliwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, kwani klorini huwaua bakteria wote waliochukua majuma kujijenga. Maji hayo machafu yasitupwe ovyo: yana nitrati, na sukuma wiki huyapenda.

Stima zikipotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani, na katika maeneo mengi stima hazikurejea hadi siku iliyofuata. Umeme wa taifa ulipotea tena Novemba na Desemba mwaka huo. Kwa mwenye samaki, saa kama hizo ni za hatari, na ni vyema kujua la kufanya mapema.

Kwanza, asiwalishe. Samaki mwenye njaa hutumia oksijeni kidogo na hatoi taka nyingi. Pili, achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa, ili yajichanganye na hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huondoa taabu hiyo. Tatu, katika sehemu za baridi, tangi lifunikwe pande zote kwa blanketi, sehemu ya juu ikiachwa wazi kidogo. Nne, ikiwa kichujio ni cha aina ya kopo lililofungwa, na kimezimika kwa saa nyingi, maji yaliyomo yamwagwe kabla ya kukiwasha, kwani bakteria waliokufa kwa kukosa hewa hutoa sumu.

Wasiachiliwe mtoni

Hatimaye hufika siku ambapo mfugaji amechoka, anahama, au samaki wamemshinda kwa ukubwa au kwa wingi. Huruma humtuma awapeleke mtoni au bwawani. Huruma hiyo ni hatari.

Wakenya hawahitaji kusimuliwa habari za viumbe wageni. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake ya zambarau, likapandwa katika vidimbwi vya bustani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeenea katika Ziwa Victoria, likiziba bandari na kuwazuia wavuvi kutoka.

Mbuta naye aliingizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka katika miaka ya 1980, sambamba na kuchafuka kwa maji, samaki wadogo wanaojulikana kwa Kijaluo kama fulu walipungua vibaya. Wanasayansi walikadiria kwamba takriban spishi 200 zilitoweka. Baadhi ya jamii hizo zimesalia kwa sababu zilizalishwa katika matangi ya vioo, ambapo hifadhi za samaki za Marekani na wafugaji wa Ulaya wamekuwa wakizitunza kwa miaka mingi. Ngege, samaki wa asili aliyekuwa kitoweo cha vizazi, amesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kaunti ya Siaya.

Tangi la nyumbani basi linaweza kuwa chanzo cha maangamizi au safina. Samaki asiyehitajika arudishwe dukani, au apewe mfugaji mwingine. Mimea inayozidi ianikwe ikauke, kisha itiwe kwenye mbolea. Maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo wa bustani, si mtaroni wala mtoni.

Upo mfano mwingine ulio karibu. Katika madimbwi ya mvua ya pwani ya Kenya huishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, madume yao yakiwa na rangi nyekundu na samawati zinazong'aa. Hukua na kuzaa kwa wiki chache, na dimbwi likikauka, wazazi hufa. Mayai hubaki ndani ya tope kwa miezi, yakiisubiri mvua ijayo ndipo yaanguliwe. Wafugaji wa nchi za mbali huwaenzi samaki hao, ilhali mkazi wa Malindi au Kwale aweza kupita kando ya dimbwi lao kila siku bila kujua.

Subira hiyo ya mayai ndiyo impasayo anayeanza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Anayetaka watoto wake wafurahie samaki wakati wa likizo ya Desemba na alinunue tangi mwanzoni mwa Novemba, alijaze maji, awashe kichujio na kusubiri. Kwa mwezi mzima watoto watatazama maji matupu na kuuliza samaki wako wapi. Aweza kuwaeleza kwamba wapo njiani, na kwamba nyumba yao ingali inajengwa.